Jina la Kilichomwagwa

Karo la jikoni kwa dada yangu Sughra lililia.

Sisemi lilikoroma. Makaro yote ya mji wetu wa Kot Shahbaz hukoroma maji yakikatika, tumezoea. Hili lililia, kijisauti chembamba cha kitu kichanga, mchana kweupe, Nageen akiwa ananawa mikono aje kula. Sughra alikuwa anapakua dengu. Akadhani paka kanasa kwenye bomba la nje, akamwambia binti yake agonge ukuta. Nageen akagonga, kilio kikakatika. Kikanyamaza kidogo, kama mtoto anayevuta pumzi, halafu kikaanza upya.

Alipokaa mkekani tukaona vidole vyake. Vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kwenye ncha, kama kavichovya kwenye wino. Sughra akauliza, Nageen akasema ni dawa za maabara, zitatoka. Basi dada yangu akafurahi hata kwa hilo, maana alikuwa na maradhi ya kujivunia binti. Mtaa mzima ulijua kwamba Nageen anasoma kemia chuo kikuu na kwamba anaongoza darasa. Muuza mboga alijua. Mbuzi wa jirani walijua. Ukienda kwa Sughra kuazima pasi, unarudi na pasi na habari za asidi, mpaka watu wakaona heri wavae nguo zilizokunjamana, ha!

Sasa kilichotokea chuoni asubuhi ile nilisimuliwa na Farwa, rafiki yake wa meza moja, na Farwa hana akili ya kutunga.

Somo lao liko hivi. Mwalimu anakupa unga kiduchu kwenye karatasi iliyokunjwa, hakuambii ni unga wa nini. Wewe unaubana mpaka useme. Unauunguza kwenye moto wa gesi uone unatoa rangi gani, unauyeyusha, unatia maji ya dawa hii, unatia ya dawa ile. Kikishuka kitu cheupe kina maana yake, kikishuka cheusi kina maana yake, mpaka ule unga unakosa pa kujificha na unalitoa jina lake. Kazi ya polisi tu, ila haina rushwa. Hapana, nimekosea, rushwa ilikuwepo. Kulikuwa na mzee wa kutunza maabara, Chacha Allah Ditta, maana kwetu ami huitwa chacha, yeye ndiye aliyekuwa akikunja zile karatasi. Ukimpelekea sambusa za moto asubuhi, baadaye anapita nyuma ya meza yako na fagio lake, anakohoa, na katikati ya kikohozi linatoka jina. Wanafunzi wote walifanya hivyo, na dada zao waliowatangulia walifanya hivyo, na hakuna aliyeona kuwa ni wizi.

Mwalimu wao, Madam Shagufta, alikuwa kachoshwa na mchezo huo. Siku hiyo akazikunja karatasi mwenyewe nyumbani kwake, akatia vitu tofauti, tena vingine vya adimu, akazichanganya kwenye kopo na kugawa bila kuangalia. Allah Ditta hakujua lolote. Ila sambusa za Nageen alikwisha kuzila, sasa angefanyaje? Akapita na fagio, akakohoa, akasema zinki.

Nageen akaandika zinki kabla hata ya kuwasha moto.

Lakini huwezi kukaa umekunja mikono saa nzima, mwalimu atakutilia shaka. Basi akautia unga wote kwenye kichupa cha kioo, akamimina asidi kali, akauchemsha ili mvuke uonekane. Alichemsha kujionyesha tu, hakuna alichokuwa anakitafuta. Kengele ikalia, umeme wa mgao ukakatika, wasichana wakaanza kuvua makoti yao meupe na kuyatundika kwenye misumari mlangoni. Nageen kwa haraka yake akakimimina kile kitu kingali kinatokota, chote kwa mkupuo, kwenye tundu la karo la maabara.

Wao chuoni wana sheria ya jambo hilo. Unaacha kipoe, unafungulia bomba maji yatiririke, ndipo unamwaga kidogo kidogo. Na sisi nyumbani tuna sheria yetu, ya zamani kuliko chuo, kila mtoto wa kike analelewa nayo: humwagi cha moto shimoni mpaka useme bismillahi na ungoje kidogo, ili wanaoishi humo wawahi kusogea na watoto wao. Nageen alilelewa na sheria zote mbili. Siku hiyo hakufuata hata moja.

Farwa alisikia. Alisema kilio kilitoka chini ya sakafu, kikapita chini ya miguu yao kuelekea ukutani, kama kitu kinachobebwa na mtu anayekimbia. Akamshika Nageen mkono, akamwuliza kama kasikia. Nageen akajibu ni bomba. Wakaenda kunywa chai.

Wiki ile nyumba ya Sughra ikaanza kunuka. Ile maabara ina gesi yao moja yenye harufu ya mayai yaliyooza, wasichana hurudi nayo kwenye nguo, na mama zao hulalamika. Lakini harufu ya nguo hutoka kwa sabuni. Hii ilihamia. Ukifungua pipa la unga, imo. Ukikunjua shuka safi, imo. Ukimkumbatia Nageen unaisikia inatoka mkononi mwake wa kulia, na ule weusi ulikwisha kupita vidole, umefika kwenye kiganja, na pale unapoishia kuna mstari wa malengelenge mabichi, kama pindo la nguo.

Wakampeleka hospitali. Daktari kijana akasema ni kuungua na asidi, akamwandikia mafuta, akamwambia asishike tena hizo dawa. Sughra akasema hajashika kitu tangu Jumanne, siku karo lilipoanza kulia. Daktari akatazama malengelenge ya asubuhi ile, akatazama ya jana, akaosha mikono yake mara mbili na kuwaita wagonjwa wengine.

Na lile karo likaendelea kulia. Lililia mchana, saa zile za joto ambazo mji mzima umelala na hata mbwa hawabweki, na kitu kilichoanza kumtisha Sughra, ambacho hakumwambia mtu ila mimi, kilikuwa hiki: kilio kilikuwa kinadhoofika, na kila kilipodhoofika, mkono wa Nageen ulizidi kuwa mweusi, siku kilipolia kwa kukatakata kama mtoto asiye na nguvu ya kunyonya weusi ukapita kifundo, siku kilipobaki mguno tu malengelenge yakapanda katikati ya mkono, mpaka yule mama akawa anasimama jikoni na sufuria mkononi akikiombea dua kitu asichokijua kisiache kulia.

Ndipo akaitwa Sain Mureed. Sain Mureed ni mfukuza majini wa kwetu, mtu wa tumbo kubwa na pikipiki ndogo. Huja na vijiti vya ubani, na huwezi kumpa chai ya sukari vijiko viwili tu, anakuona humheshimu. Majirani walijaa mpaka kizingitini. Nusu walikuja kwa huruma, nusu walikuja kumwona binti wa Sughra anayeongoza darasa. Sain akafukiza mbegu za ispandi na pilipili kavu, sote tukakohoa mpaka machozi, akaamuru chumvi ya mawe ipangwe kwenye pembe zote za chumba. Akamgeukia Nageen na kuanza kumkemea aliyemo ndani yake atoke.

Aliyejibu hakuwa Nageen.

Kulikuwa na bibi kizee kwenye kitanda cha kamba pale pembeni, Dadi, bibi yake Nageen, mama wa marehemu mume wa Sughra. Dadi alipooza, na tangu apooze alikuwa hajatamka hata jina la Mungu wake, tulikuwa tunamlisha kwa kijiko. Akageuza shingo. Mdomo ule ule usio na meno ukafunguka, na ikatoka sauti ya mwanamke kijana, ya chini, iliyochoka, kama ya mama aliyekesha hospitali.

"Ondoeni chumvi yenu. Inamchoma macho mwanangu."

Sain Mureed akaliacha kemeo lake katikati. Kwa sauti ndogo akamwuliza kwa nini kaivamia nyumba ya Waislamu.

"Sijavamia. Nimekuja kudai. Huyu amemwunguza mwanangu amelala, hakutuambia tusogee. Kuna kitu kimemwingia mwilini na hakitoki. Na kwetu hatumtibu aliyeungua mpaka tujue jina la kilichomwunguza. Anipe jina, nitaondoka. Mwanangu akifa bila jina, huyu hatabaki."

Sain aliinua mkono, watu wakaondoa chumvi haraka. Akakaa chini. Akamnong'oneza Sughra kwamba yeye hufukuza wavamizi, ila huyu ni mdai, na mdai hafukuzwi, hulipwa. Akamgeukia Nageen.

"Binti, mpe jina lake. Ulimwaga nini?"

Sasa mtazame Nageen. Mama yake kasimama mbele yake. Nyuma ya mama yake wamesimama wanawake wa mtaa wote waliosikia miaka miwili kuwa hakuna binti kama huyu. Hilo jina alilipewa na kikohozi. Hakulipima, hakuliona, halijui. Akainamisha kichwa.

"Zinki," akasema.

Dadi akafumba mdomo. Harufu ikatoka mlangoni mbele ya macho yetu, maana pazia lilipepea na hapakuwa na upepo. Sughra akapika pilau, majirani wakala, Sain Mureed akala zaidi ya majirani, na mimi nilicheka siku hiyo mpaka nikalazimika kushika ukuta, kwa sababu hofu ikikutoka ghafla lazima itoke na kitu.

Ikapita siku moja, hakuna kilio. Siku ya pili karo likapiga ukelele mmoja, mrefu, na Nageen akaanguka sebuleni. Tulipokunjua mkono wa nguo yake, weusi ulikuwa umepita kiwiko, na malengelenge yalikuwa yanatoa maji.

Safari hii hakuitwa mganga. Ilikuwa alasiri, jua bado liko kwenye ukuta wa uani, tunamenya vitunguu saumu, wanawake wanne watano wa mtaa wamekaa nasi, na Dadi akainuka mwenyewe kitandani, yeye ambaye miguu yake ilikuwa imekauka kama kuni, akaketi wima, akatembeza macho kwa mmoja mmoja wetu bila kupepesa, akapita kwangu nikahisi baridi kwenye meno, akampita Sughra, mpaka akamfikia Nageen aliyelala mkekani, na ile sauti ya mama aliyechoka haikuwa tena imechoka, ilikuwa imetulia, na kutulia kwake ndiko kulikotufanya sote tuviweke chini visu vyetu.

"Tumemtibu zinki. Dawa ya zinki imemla nyama. Kwa nini umenidanganya?"

Nageen akalia kimyakimya. Sughra akamtetea, akasema mwanangu hawezi kukosea, ndiye wa kwanza darasani. Hapo Nageen akamshika mama yake mguu ili anyamaze.

"Ammi, mimi sijui ni nini. Sikupima. Niliambiwa na Chacha, nikaandika." Halafu akamtazama Dadi. "Sijui nilichomwaga. Nipe muda nikitafute."

Nakwambia, wale wanawake hawakumtazama Nageen. Walimtazama Sughra. Na Sughra akainama, akaendelea kumenya kitunguu ambacho kilikwisha kumenywa.

"Mwanangu hana muda," ile sauti ikasema. "Kesho nitakuja pale pale ulipomwaga." Dadi akalala chali, hakusema tena.

Asubuhi Farwa akamsindikiza rafiki yake kwa Madam Shagufta. Madam ni mwanamke wa miwani minene, mkali, hajaolewa, wanafunzi wanasema alimkataa mchumba kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mbaya. Nageen akamweleza yote. Farwa alitegemea watafukuzwa chuo palepale. Madam akafunga mlango wa ofisi.

"Mimi nimelelewa na bibi yangu," akasema. "Hata leo nasema bismillahi nikimwaga maji ya tambi. Endelea."

Lakini hakuweza kumsaidia. Alizichanganya karatasi makusudi, hajui Nageen alipata ipi. Akauliza kama kumebaki unga wowote. Haukubaki, Nageen alitia wote kichupani, na Allah Ditta alikwisha kufagia karatasi na kuzichoma. Madam akakaa akifikiri. Macho yake yakashuka kwenye ule mkono, kwenye tone moja lililokuwa linatiririka kutoka kwenye lengelenge na kudondoka juu ya meza yake.

"Kilichomwingia mtoto ndicho kinachokutoka wewe," akasema taratibu. "Basi kipime."

Wakaingia maabara adhuhuri, wengine wameenda kusali na kula. Madam, Farwa, Nageen, na Allah Ditta mlangoni na funguo. Nje dhoruba ya vumbi ilikuwa inaanza, mwanga wa madirishani ukawa wa rangi ya chai. Umeme haukuwepo. Nageen akawasha moto wa gesi, akauzungusha mpaka ukaacha kutoa moshi na kuwa wa buluu, na Farwa akakumbuka, wakati mbaya kabisa wa kukumbuka, kwamba majini waliumbwa kwa moto usio na moshi.

Nageen alifanya kwa mkono wa kushoto. Akakinga yale maji ya mkononi mwake kwenye kichupa, tone kwa tone. Madam hakumgusa wala kumwelekeza. Nageen akatia matone ya maji ya chumvi, na ndani ya kichupa kikashuka kitu cheupe, mabonge mabonge, kama maziwa yaliyokatika. Akanong'ona kwamba wanaoshuka hivyo ni watatu tu, madini ya risasi, ya zebaki na ya fedha. Akakichemsha, maana risasi ingeyeyuka kwenye moto, lakini kile cheupe kikabaki. Hapo Farwa akasikia nyuma yake mlio wa nguo.

Kwenye misumari mlangoni yalikuwa yametundikwa makoti meupe ya wanafunzi, yamelegea, kama yanavyokaa siku zote. Moja lilikuwa linajaa. Lilianza mabegani, yakainuka kama ya mtu anayevuta pumzi, halafu mikono ya koti ikajikunja polepole kifuani, mmoja juu ya mwingine, namna mama anavyoshika kichanga, na pale kwenye mkunjo wa mikono kitambaa kikabonyea kwa uzito mdogo usioonekana, na Allah Ditta aliyekuwa amesimama hatua moja tu kutoka pale hakuweza kukimbia wala kupiga kelele, alisimama ameuma ncha ya kilemba chake, na lile koti likatoka kwenye msumari wake na kuja, halina miguu, halina kichwa, likipita katikati ya meza kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, mpaka likasimama upande wa pili wa karo, na harufu ya mayai yaliyooza ikawa nzito kiasi cha kuionja kwenye ulimi.

Nageen hakuinua macho. Akachukua amonia, akijua kwamba kikigeuka cheusi ni zebaki, kikipotea ni fedha. Akatia matone. Kile cheupe kikayeyuka, maji yakawa safi kama ya kunywa.

"Fedha," akasema. "Madini ya fedha. Ile ya bangili. Nilimmwagia fedha iliyochemshwa na asidi."

"Una hakika?" Sauti ilitoka kwenye tundu la karo, siyo kwenye koti.

"Nimeipima mwenyewe."

"Dawa yake?"

Nageen akakitazama kichupa. Madam Shagufta alifumba macho, kwa sababu naye alikwisha kujua. Kinachoikamata fedha na kuifanya isidhuru ni kile kilekile kilichoishusha kichupani.

"Chumvi," Nageen akasema. "Umwogeshe kwa maji ya chumvi."

Mabomba yote ya maabara yakafunguka kwa pamoja, na maji yalikuwa yamekatika mjini tangu alfajiri. Yakatoka meusi.

"Chumvi ndiyo mnayotuulia," sauti ikasema. "Unataka nimwue kwa mikono yangu mwenyewe."

Nageen hakubishana. Akachukua beseni, akatia chumvi mikono miwili, akatia maji, akakunja nguo mpaka begani, akauzamisha mkono wake mweusi wote. Farwa anasema hajapata kusikia mtu akilia hivyo na mdomo umefungwa. Maji yakaanza kuwa meupe. Yale mabonge kama ya maziwa yaliyokatika yalikuwa yanamtoka kwenye ngozi, yanashuka, yanalala chini ya beseni, mengi, mengi kuliko yanayoweza kukaa ndani ya mkono wa msichana, na kila yaliposhuka palipokuwa peusi pakageuka kijivu, na kijivu kikawa nyama mbichi ya mtu.

Akatoa mkono. Akalisogeza beseni lile karibu na koti.

"Akifa yeye nakufa mimi," akasema. "Ulitufunga hivyo wewe mwenyewe. Sina faida ya kukudanganya tena."

Koti lilisimama muda mrefu. Vumbi lilipiga madirisha. Halafu mikono ile mitupu ikashuka, taratibu, ikaufikia uso wa maji, na kile kizito kisichoonekana kikaingia.

Kilio kilichotoka kilivipasua vioo kwenye rafu ya juu. Kikapanda, kikakatika kabisa, na katika ule ukimya Nageen aliutazama mkono wake ukianza tena kubadilika rangi, akajisomea shahada. Kikarudi. Lakini safari hii kilikuwa kinene, chenye hasira, kilio cha mtoto mwenye njaa, na mwanamke yeyote aliyelea anajua hicho ni kilio cha namna gani.

Koti likamchukua mtoto wake. Kabla ya kuondoka, sauti ikauliza jambo moja, kwa upole kabisa.

"Nani alikuambia zinki?"

Macho ya Farwa yalikwenda mlangoni yenyewe, akayarudisha. Allah Ditta alikuwa amechuchumaa, kilemba mdomoni. Nageen alimwona. Sambusa zilikuwa zake, na mkono ulioandika ulikuwa wake.

"Niliandika mimi," akasema.

"Basi nitakuwa nakuuliza wewe."

Koti likaanguka sakafuni, tupu. Mabomba yakafungika.

Mkono ulipona, kovu hata moja hakuna. Karo la Sughra likanyamaza. Allah Ditta aliacha kazi wiki ileile, siku hizi anauza sambusa mwenyewe, hakuna cha kuchekesha zaidi ya hicho, nami nikipita huwa namkoholea. Nageen akasoma kwelikweli mpaka akamaliza, kila unga aliopewa aliupima mpaka mwisho, hata ule ambao mtoto wa darasa la kwanza angeujua kwa kuutazama. Ikaja posa, mhandisi wa Lahore, kijana mzuri, familia haina maneno. Sughra akarudia uzima wake. Muuza mboga akaanza tena kuhadithiwa.

Siku ya kumtia binti singo tulimkalisha kibaoni uani baada ya sala ya adhuhuri, kavaa manjano, wanawake wanapiga ngoma na kuimba matusi ya wakwe, na wakwe wenyewe wako njiani. Kila mmoja anampaka manjano mashavuni na mikononi, anamlisha kipande cha halua. Mimi nilikuwa nampaka mkono wa kulia. Nikafuta kiganja kwa kitambaa ili nipake upya, na manjano yakatoka, na chini yake vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye mizizi.

Ngoma haikukatika, wengine hawakuona. Nageen aliona. Akautazama mkono, wala hakushtuka, kama mtu aliyebishiwa hodi na anayemjua. Akasimama. Sughra akaikamata ncha ya shela yake.

"Mwanangu, wakwe zako wanafika. Usinifanyie hivi."

"Ammi, kuna mtoto anaungua," Nageen akasema, akaiachia shela mkononi mwa mama yake.

Farwa na mimi tulimfuata kwa bajaji nyingine. Tulipofika maabara, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wametoka tu, vichupa vyao bado vina joto, na juu ya karo mvuke ulikuwa haujaisha. Nageen alikuwa amepiga magoti sakafuni na nguo zake za biharusi, singo imemkaukia mashavuni, beseni la chumvi pembeni, mdomo wake umekaribia tundu.

"Nambie taratibu," alikuwa ananong'ona. "Wamekumwagia nini, mwanangu?"

Na waliomjibu kutoka humo shimoni hawakuwa mmoja.